Risala ya Mabaharia na Familia Zao kwa Mgeni wa Heshima, Siku ya Mabaharia Duniani, Mombasa

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima,

Tunakukaribisha kwa moyo mkunjufu katika maadhimisho haya ya tarehe 25 Juni, na tunaomba kulisemea jambo moja tu: baharia anapoumia kazini haki yake ipo, lakini mara nyingi humponyoka kwa kukosa wa kumwelekeza mapema.

Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2014, unamtaka mwenye meli agharamie matibabu, chakula na malazi ya majeruhi hadi apone au ulemavu wake uthibitishwe kuwa wa kudumu. Nchi ikiweka ukomo, muda huo hauwezi kuwa chini ya wiki 16. Marekebisho yaliyoanza kutumika mwaka 2017 yanaagiza cheti cha dhamana ya fedha, yaani uthibitisho kuwa fedha za fidia zipo, kibandikwe melini mahali pa wazi, fidia iliyo katika mkataba wa ajira ilipwe kamili bila kucheleweshwa, na mtu asishinikizwe kupokea pungufu. Sharti hili la mwisho tunalithamini kuliko yote, kwa maana majeruhi aliyelazwa, huku karo za watoto zikidaiwa, huletewa karatasi ya kufunga madai akaitia sahihi kabla daktari hajajua kama mkono utarudi kufanya kazi.

Kwa walioajiriwa nchini ipo Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007. Mwajiri anapaswa kumjulisha Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini ndani ya siku 7, na dai liwasilishwe ndani ya miezi 12. Asiyeridhika na uamuzi wa Mkurugenzi ana siku 60 za kuupinga, kisha aende Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Mwenye meli akiwa wa ng'ambo, Mahakama Kuu, kwa mamlaka yake juu ya mashauri ya bahari, inaweza kuamuru meli izuiliwe bandarini, njia ambayo haimfai kitu majeruhi ikiwa meli imekwisha kung'oa nanga.

Wenzetu wa majahazi na wavuvi, Mkataba ule wa mwaka 2006 hauwahusu. Tena wavuvi wengi hulipwa kwa mgao wa samaki, hivyo hata kumthibitisha mwajiri ni kazi nzito.

Mheshimiwa, tunaomba wakili wa msaada wa kisheria apangiwe siku za kuwapo bandarini, masharti ya ajira yatolewe kwa Kiswahili kabla ya safari, na wavuvi wa mgao watambuliwe wazi katika sheria ya fidia.

Naomba kuwasilisha.