Barua ya wazi kwa mdogo wangu: kiwanja cha Pugu

Mdogo wangu,

Asalaam aleikum. Mwanao amenifikishia ujumbe wako kwamba mwakani unastaafu, kwamba umechoka kuishi Mwanza, na kwamba mimi shangazi yake nikuwekee kipande karibu na mwembe wa mama ili uje ujenge vyumba viwili. Nakujibu kwa maandishi kwa sababu tangu mwaka 2017 hatujaweza kuzungumza kwa simu bila mmoja wetu kukata, na nakujibu hadharani kwa sababu yale uliyoyasema wewe uliyasema mbele za watu.

Karibu na mwembe hakuna kipande. Mwembe wenyewe haupo. Aliyenunua sehemu ile aliukata ili apitishe ukuta wake, na siku ulipoanguka nilijifungia ndani mpaka magharibi.

Bado naisikia nyundo ya siku ya arobaini. Siku chache nyuma yake, Aprili 12, Rais Magufuli alikuwa ameweka jiwe la msingi la reli ya kisasa hapa hapa Pugu, na kutoka Kajiungeni hadi Mnadani kila kijana mwenye simu alikuwa amegeuka dalali. Wageni walikuwa wamekaa mikekani, sheikh ameinua mikono kumwombea mama, sisi wanawake tuko uani tunapakua pilau, na katikati ya dua hiyo ikaanza kusikika nyundo kutoka upande wa mikorosho. Ulikuwa wewe na dalali wako, mmenyoosha futi kamba kutoka kwenye shina la mwembe, na kigingi cha mwisho mlikipigilia hatua sita tu kutoka kwenye kaburi ambalo udongo wake ulikuwa bado umeinuka. Sheikh hakuikatisha dua, alipandisha sauti ili aishinde nyundo. Majirani zangu wote waliinamia masinia wasije wakakutana na macho yangu. Ungeweza kusubiri watu wanawe mikono. Saa moja tu, mdogo wangu, ingekutosha.

Nilipokufuata kukuuliza, ulinijibu kwa sauti ambayo hata waliokuwa barabarani waliisikia, kwamba Pugu haijawahi kuwa ya kwetu peke yetu, kwamba hapa kila mtu alikuja na kila mtu alichukua, na kwamba mimi nalilia shamba la mikorosho wakati jiji linakuja na fedha. Nimekaa na maneno hayo miaka yote hii, na sikatai kwamba nusu yake ni kweli, kwa maana wewe na mimi tuliyasikia kwa bibi yule yule, jioni zile tulipokuwa tukimenya mihogo.

Alitusimulia habari za mapadre Wabenediktini waliofika Pugu mwaka 1888 wakajenga misheni, na Januari mwaka uliofuata, wakati wa vita vya Abushiri, misheni ile ikashambuliwa, baadhi yao wakauawa na wengine wakachukuliwa mateka. Ikaja reli ya Wajerumani, ambayo ujenzi wake ulianzia Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914. Ikaja shule ya Mtakatifu Fransisko pale mlimani, na bibi alikuwa akijivuna kwamba mwalimu Julius Nyerere alifundisha hapo mpaka Machi 1955, alipoiacha kazi ili aitumikie TANU. Yalikuja machimbo ya udongo mweupe yaliyomwajiri baba, ambaye alirudi kila jioni kope zake nyeupe kama za mtu aliyepakwa unga. Ukaja mnada, na ng'ombe wa Shinyanga, Singida na Dodoma wakawa wanateremshwa hapa kabla ya kwenda kuchinjwa Vingunguti, na wachungaji Wasukuma na Wanyamwezi wakawa watani zetu, kiasi kwamba hakuna msiba wa Mzaramo uliopita bila mtani kuja kumtania marehemu na kudai shuka lake.

Kwa hiyo wageni tumewajua. Ninachokukumbusha ni namna walivyopokewa. Yule mzee mchunga ng'ombe aliyejenga nyuma yetu aliletwa kwa baba na mjumbe wa nyumba kumi, wakakaa, wakanywa chai, akaonyeshwa mpaka kwa mgomba na mnyaa, akaambiwa kisima kiko wapi na makaburi yako wapi, na alipofariki tulimzika kwetu. Baba aliuza, ni kweli, lakini alimjua aliyemuuzia kabla ya kuijua bei. Wewe uliuza vipande vitatu kwa siku moja kwa watu ambao hata majina yao uliyasoma kwenye karatasi.

Hivi umesahau usiku wa Februari 16, 2011? Mabomu ya kambi ya Gongo la Mboto yalipoanza kulipuka, mbingu ya upande ule ikawa nyekundu na watu wakawa wanapanda huku na watoto mgongoni, wengine miguu mitupu, wengine wameshika mikono ya watoto wasiokuwa wao. Mama alifungua mlango akasema asiulizwe mtu anatoka wapi. Wewe ndiye uliyekoka moto, na wewe ndiye uliyetoa shati lako ukamvika mtoto wa watu. Mpaka alfajiri uwanja wetu, ule ulioupima kwa futi kamba, ulikuwa umejaa watu waliolala chini ya mikorosho. Ninapokasirika nawe huukumbuka usiku huo, na hasira hunipungua, kwa sababu aliyekoka moto ule hawezi kuwa mtu mbaya. Siku hizi, ukipita njia ya nyuma, unatembea kati ya kuta mbili za matofali kutoka kwetu mpaka barabarani. Watu wa namna ile wangelala wapi?

Nisiwaonee hao waliokuja. Mmoja wao amechimba kisima kirefu na ametoa bomba nje ya ukuta, na asubuhi tunachota. Mkewe yumo katika chama chetu cha kufa na kuzikana, hulipa kabla ya wote, na ndiye aliyenunua turubai jipya badala ya yale yaliyochakaa yaliyokuwa yakitutia aibu. Wengine nimewagongea geti kuwapa habari ya msiba, nikajibiwa kwamba mwenye nyumba hayupo huku namsikia akikohoa.

Basi ukija, nakushauri kama dada yako: usianze na matofali. Anza kwa kujiandikisha katika chama, hudhuria misiba miwili mitatu, beba jeneza, kaa barazani watu wakuone. Mimi sikukosa msiba hata mmoja tangu mama aondoke. Mimi ndiye niliyemuuguza miezi tisa, ndiye niliyemwosha, na ndiye niliyebaki kujibu kila aliyeuliza kwa nini watoto wa marehemu wameuza kabla ya mwaka kuisha.

Najua utakalonijibu, na nilitangulize mwenyewe: saini yangu ipo. Ndiyo, nilikwenda ofisi ya serikali ya mtaa, nikakaa kwenye benchi, nikatia saini kwenye hati zote tatu, na sehemu yangu ya mirathi niliipokea. Lakini ulikuwa umekwisha kupokea fedha za watu, na kama ningekataa ungeshtakiwa. Mwanangu alikuwa amerudishwa nyumbani kutoka shule kwa ajili ya ada. Bati la jikoni lilikuwa limetoboka. Nilitia saini ili nikuokoe, na fedha nilizitumia kwa mambo ya lazima. Hata hivyo nilipotoka pale sikupita njia ya kaburini, nilizunguka kwa Mnadani, na mpaka leo sijaweza kujieleza kwa nini nilizunguka.

Kaburi la mama sasa liko ndani ya ukuta wa yule mwenye kisima. Hajalijengea kitu juu, amelizungushia mawe, na kila Ijumaa baada ya alasiri hunifungulia geti dogo. Nimemweleza kwamba marehemu ana mtoto mwingine wa kiume, na amesema hana kizuizi.

Kiwanja cha kukupa sina. Nina chumba cha uani, kile alicholala baba alipokuwa akirudi usiku na vumbi, na nimekipiga chokaa wiki iliyopita. Kitanda ni kidogo, wifi atalala nami. Kama utapenda, panda treni ya mwendokasi kutoka Dodoma, na ukifika nipigie nimtume kijana akupokee, kwa sababu njia uliyokuwa ukiijua ya kupitia mikoroshoni imezibwa. Njoo siku ya Alhamisi, ili Ijumaa twende wote getini.

Dada yako.