Shukrani kwa dada wa kwenye boti ya Mkoani

Dada yangu, jina sikukuuliza. Bahari imechafuka, nami nalia. Nilikuwa nampeleka mwanangu Unguja kwa mganga, maana tangu ana miaka minne husema yeye ni mvulana, na ushungi wa skuli ni vita kila asubuhi. Ukanambia wewe ni muuguzi. Kwamba Shirika la Afya Duniani limeshaiondoa hali hii kwenye maradhi ya akili, katika orodha yake iliyoanza kutumika 2022. Na kwamba mtoto ambaye hajabaleghe hapewi dawa yoyote, husikilizwa na kulindwa na kejeli. Ukammenyea chungwa, ukamwita jina alilojichagulia. (Mimi sikuwahi hata mara moja.) Kwa mganga hatukufika. Mwalimu wake nimeshamwendea, kaniitikia nusunusu. Ahsante, Mola akuweke.