Kauli ya kutendwa ya Kiingereza ianzie kwenye Kiswahili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie namna kauli ya kutendwa ya Kiingereza inavyofundishwa shuleni, kana kwamba mwanafunzi wetu hajawahi kukutana na kauli hiyo tangu azaliwe. Wiki iliyopita mjukuu wangu wa kidato cha kwanza, ninayeishi naye hapa Moshi, alinionyesha daftari lake. Alikuwa ametunga habari ya rafiki yake aliyefiwa na baba, akaandika: "My friend was died by his father." Sentensi hiyo ilikuwa imepigwa alama ya kosa kwa kalamu nyekundu, pasipo neno la maelezo.

Nilifundisha Kiingereza miaka mingi kabla ya kustaafu, na kwangu sentensi ile ilikuwa ushahidi kwamba mtoto ameielewa kanuni vizuri: ameweka kitenzi kisaidizi "was", akafuatisha umbo la tatu la kitenzi, kisha akamtaja mtenda kwa "by". Alichokosa ni mtu wa kumwambia kwamba lugha hizi mbili hazikubaliani juu ya vitenzi vinavyoweza kutendwa. Kiswahili hupitia kwanza kauli ya kutendea, "fa" ikawa "fia", ndipo ikaja "fiwa", na kwa njia hiyo hata kitenzi kisichobeba yambwa, yaani mtu au kitu kinachotendwa, huipata njiani. Kiingereza hakina kiambishi cha namna hiyo, na kwa kuwa "die" haina yambwa, haigeuziki. Husemwa tu "His father died". Mara nyingine kihusishi ndicho hufanya kazi ya kauli yetu ya kutendea, kama pale aliyenyeshewa anaposema "I was rained on", kihusishi kikabaki kinaning'inia mwishoni mwa sentensi.

Nyakati nazo huwatatiza. Sisi husema inaandikwa, iliandikwa, imeandikwa, itaandikwa, na kinachobadilika ndani ya neno ni silabi moja tu. Katika Kiingereza mzigo wa wakati hubebwa na vitenzi visaidizi, "is written", "was written", "has been written", "will be written", ilhali "written" yenyewe haitikisiki. Wanafunzi wengi huamini kwamba umbo hilo ni la wakati uliopita, kwa hiyo wakikutana na "is written" hushangaa, kisha huandika "is write" au "was wrote" wakidhani wanasahihisha.

Mtego mwingine umo katika "na" yetu. Tukisema kilele cha Kilimanjaro kilifikiwa mwaka 1889 na Hans Meyer na Ludwig Purtscheller, "na" ya kwanza ni "by" na ya pili ni "and". Kifaa sisi hukitaja kwa "kwa", ambayo mara nyingi huwa "with", kama mti uliokatwa kwa shoka. Lakini kahawa ya huku mlimani huchumwa kwa mkono, na hapo Kiingereza husema "by hand", msemo wa kukariri ulivyo. Naye msichana anayeandika "She was married by Peter", akimaanisha dada yake ameolewa na Peter, atashangaa msomaji akidhani Peter ndiye mchungaji aliyefungisha ndoa, maana Kiingereza hakitofautishi kuoa na kuolewa: "She married Peter" yatosha.

Linalonikera zaidi, hata hivyo, ni zoezi la kugeuza "Juma ate the mango" kuwa "The mango was eaten by Juma" mara ishirini bila kuulizwa ni lini mtu huhitaji kusema hivyo. Hata kwetu hakuna asemaye embe lililiwa na Juma, isipokuwa mazungumzo ni ya embe. Tunasema Azimio la Arusha lilitangazwa mwaka 1967 kwa sababu linalozungumzwa ni azimio lenyewe, na tunasema duka limevunjwa usiku kwa sababu mwizi hajulikani. Wapo pia wanaoitumia kauli hii kumficha mkosaji, wakiandika kwamba fedha zilitumiwa vibaya, au, wakitaka kumficha zaidi, kwamba zilitumika vibaya. Mtoto wa Kitanzania huyajua haya yote tangu nyumbani, na mwalimu wa Kiingereza angeweza kuyachota.

Ombi langu kwa walimu ni hili: kabla ya kuandika kanuni ubaoni, watumie dakika kumi kuwakumbusha wanafunzi mnyambuliko wa vitenzi waliousoma shule ya msingi, wautumie kama mizani ya kupimia Kiingereza. Najua zipo shule ambako mtoto huadhibiwa akisikika anasema Kiswahili darasani, na sijui mwalimu wa huko atawezaje kuifafanua "fiwa" bila kuitaja.

Mjukuu wangu aliandika upya "His father died", ila akalalamika kwamba rafiki yake, mwenye msiba, amesahauliwa. Nikampa "My friend lost his father", ambapo Kiingereza humfanya mfiwa kuwa mtenda. Akaitazama kwa muda, akauliza: "Babu, kwani alimpotezea wapi?"

Wasalaam,
Mwalimu mstaafu,
Moshi