Kijani hicho si msitu

Mhariri,

Miaka yote nimekuwa msomaji tu, lakini habari yenu ya mgodi wa makaa ya mawe uliofungwa, ile yenye picha ya kilima cha kijani, imenishinda kunyamazia. Mmeandika kwamba ardhi "imerudi katika hali yake ya asili." Nani kawaambia?

Kilima cha namna hiyo nimekikanyaga. Kampuni iliyochimba ilitualika majirani tupande miti. Jembe likagota. Kiganja kimoja tu chini ya majani, ardhi ilikuwa ngumu kama sakafu kwa kushindiliwa na mabuldoza. Tukachokoa vishimo kwa sururu, tukashindilia miche humo, tukapigwa picha. Mvua iliponyesha maji yakatuama kwenye vishimo, mizizi ikaoza. Iliyosalimika ikamalizwa na kiangazi. Yaliyostawi ni majani ya kigeni ambayo kampuni iliyapanda ili pawe kijani upesi, nayo yakasonga kila chipukizi la asili. Na dawa inajulikana! Watafiti wa misitu wa Appalachia, Marekani, wamesema wazi kwamba miti inataka angalau mita 1.2 za udongo uliomwagwa ukaachwa tifutifu. Udongo wa juu nao ubanduliwe kabla ya kuchimba na urudishwe juu, maana una mbegu, kuvu na wadudu ambao hakuna anayewauza kwa gunia.

Kijito cha bondeni hamkukitaja kabisa. Miamba yenye salfa ikichimbuliwa na kukutana na hewa na maji hutoa tindikali, chuma kikaganda juu ya mawe kwa rangi ya chungwa, samaki wakatoweka. Hali hiyo huweza kuendelea miongo mingi baada ya mgodi kufungwa.

Halafu kuna suala la dhamana, yaani fedha ambazo kampuni huweka ili zigharimie kuirudisha ardhi endapo yenyewe itashindwa. Sheria ya Marekani ya mwaka 1977 huidai kabla ya kuchimba, na mimea iangaliwe miaka 5, au 10 penye mvua haba. Hata huko zipo kampuni zilizofilisika zikaacha mashimo wazi. Pasipo sheria kama hiyo, nani atalipa?

Mkaguzi asisaini kwamba ardhi imerudishwa akiwa ndani ya gari. Ashike koleo, achimbe hadi mita 1.2 mahali watakapomwonyesha wanaoishi kando ya mgodi, si kampuni. Koleo likigota, dhamana isirudishwe. Nanyi mkirudi na kamera, pigeni picha ya shimo hilo na ya kijito, mzichapishe ukurasa uleule wa kilima chenu.

Msomaji wenu