Itoe kwanza kabatini

Hamisi ndugu yangu,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Huku hatujambo, mengine nitakusimulia siku nyingine, maana kuna jambo katika barua yako linalonikimbiza. Unasema kompyuta uliyoifanya seva ya tovuti ya kikundi inajizima kila ikifika alasiri, na kwamba unataka kuagiza feni mbili za ziada. Tafadhali usilipe kwanza. Mashine ikiendelea kufungiwa kwenye lile kabati la televisheni, hata feni sita hazitaiokoa.

Umeme wote unaoingia kwenye kompyuta huishia kuwa joto. Ikiwa yako inakula wati 60, basi umefungia kihita cha wati 60 ndani ya sanduku la mbao, usiku na mchana. Na feni haitengenezi baridi, inahamisha hewa tu. Kabatini itazungusha hewa ileile ya moto. Prosesa nayo, ile chipu inayofanya hesabu zote, siku zote huwa na joto kuliko hewa inayoizunguka. Tuseme kwa kazi fulani inapanda nyuzi 45 juu ya hewa hiyo: chumba kikiwa na nyuzi 25 itasoma 70, kabati likifika 45 itasoma 90. Ndiyo maana asubuhi inakuwa nzima na alasiri inakufa. Prosesa nyingi zikikaribia 95 hadi 100 hujipunguzia kasi, na joto likizidi kupanda mashine hujizima ili isiungue. Kwa hiyo usidhani ni kirusi, wala usianze kusakinisha upya mfumo wa Debian.

Lakini usiniamini kwa maneno, pima. Sakinisha programu tatu: lm-sensors ya kusoma joto, stress-ng ya kuichosha prosesa na smartmontools ya kukagua diski. Kwenye dirisha la amri endesha sudo sensors-detect na ukubali majibu yaliyopendekezwa, kisha watch -n 2 sensors. Iache mashine robo saa bila kazi, andika namba. Halafu kwenye dirisha la pili endesha stress-ng --cpu 0 --timeout 10m, milango ya kabati ikiwa imefungwa, uandike namba ya juu kabisa. Acha ipoe, rudia milango ikiwa wazi. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo kesi yenyewe. Ukitaka ushahidi wa kabla mashine haijajizima mara ya mwisho, journalctl -k -b -1 itakuonyesha mistari yenye neno throttled kama prosesa ilibanwa kasi kwa joto. Na diski usiisahau: sudo smartctl -A /dev/sda, tazama mstari wa 194, ndio joto lake. Diski ya kuzunguka mimi napenda ibaki chini ya 45, kwa sababu yenyewe haipigi kelele ikiumia, inakufa tu na mafaili yako.

Najua shemeji hataki kuona nyaya sebuleni. Basi kama ni lazima kabati, ng'oa ubao wote wa nyuma na ulisogeze kabati kutoka ukutani angalau sentimita 10. Ukishindwa, toboa matundu mawili, moja chini upande mmoja na jingine juu upande wa pili, yasiyopungua upana wa feni ya milimita 120. Feni ifungwe kwenye tundu la juu, ikipuliza nje, maana hewa ya moto tayari inapanda yenyewe. Upande wa feni wenye vile vijiti vinavyoshikilia mota ndiko hewa inakotokea, kwa kawaida. Moja kubwa inayozunguka taratibu inatosha, tena haina kelele kama vile vidogo vya milimita 80.

Baada ya hapo, vumbi. Zima, chomoa waya wa umeme, fungua. Kupuliza kwa nje hakutoshi: kati ya feni na mapezi ya kipozeo cha prosesa, kile chuma kinachonyonya joto lake, vumbi hujishikisha likawa kama blanketi, na ukilipuliza unalisukuma ndani zaidi. Toa feni, libandue kwa mkono, ndipo upulize. Shikilia mapanga ya feni kwa kidole wakati unapuliza, yakizungushwa kwa kasi yanaharibu beringi.

Pasti ya joto, ile iliyopakwa kati ya prosesa na kipozeo, ibadilishe ikiwa mashine ina miaka mingi na namba bado ziko juu hata nje ya kabati. Iwashe dakika chache ilainike, zima, kisha zungusha kipozeo kidogo kushoto na kulia kabla ya kukiinua. Ukivuta moja kwa moja, aina fulani za prosesa zinang'oka nacho na miguu inapinda. Futa kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Pasti mpya kiasi cha punje ya njegere, katikati, basi. Skrubu kaza kwa kukingamisha, kidogo kidogo, usimalize moja ndipo uende nyingine.

Ila kuna njia naipenda kuliko hizi zote. Hamishia seva kwenye ile laptopu ya zamani ya shemeji yenye kioo kilichopasuka. Kurasa za kikundi ni maandishi na picha chache, nginx, programu inayozitoa, haitatoka hata jasho. Laptopu tulivu inaweza kula wati 10 hivi: uniti 7 kwa mwezi, wakati hiyo ya wati 60 inakula 43. Joto dogo, kelele ndogo, na betri inaishikilia umeme ukikatika. Katika /etc/systemd/logind.conf weka HandleLidSwitch=ignore ili isilale ukifunga kifuniko, ingawa ni heri ukiache wazi kidogo, baadhi hupumulia kwenye kibodi. Iinue kwa vipande viwili vya mbao. Betri iwekee kikomo cha kuchaji asilimia 80 kama mashine inaruhusu. Ukiona padi ya kipanya imeinuka au ganda limeachana, betri imevimba: zima, usiichaji tena, usiitoboe.

Kuhusu mtandao nitasema haraka. Kwenye ruta, ifungie seva anwani moja ya ndani, kisha elekeza kwake poti 80 na 443, milango ya tovuti. Poti 22, mlango wa SSH unaotumia kuiamuru seva kutoka mashine nyingine, usiifungue nje hata kwa siku moja. SSH ibaki ya ndani, kwa mafaili ya funguo badala ya nywila: PasswordAuthentication no. Hakiki mipangilio kwa sudo nginx -t kabla ya kila reload, yaani kuipakia upya. Jaribu tovuti kwa simu iliyo kwenye data, si waifai ya nyumbani, maana ruta nyingi hazirudishi ombi la ndani kupitia anwani ya nje na utadhani umekosea. Poti zikifunguka, cheti cha usalama cha bure cha Let's Encrypt ni kazi ya programu ya certbot, jaribu na certbot renew --dry-run. Na kama anwani ya nje ya ruta iko kati ya 100.64 na 100.127, mnaigawana na wateja wengine, kuelekeza poti hakutafanya kazi; hapo utakodi seva ndogo ya nje na kuiunganisha na ya nyumbani kwa WireGuard, njia ya siri ndani ya mtandao. Hilo tutaliandikia barua yake.

Sasa nijibu. Namba za milango wazi na milango iliyofungwa ni zipi? Kabati lina ubao wa nyuma au liko wazi? Diski ni ya kuzunguka au SSD? Anwani ya nje ya ruta inaanza na ngapi? Betri ya laptopu ya shemeji bado inashika chaji, na yeye ameshakubali kuitoa? Mwalimu amemaliza kurasa zake za tovuti? Nakala ya mafaili umeiweka wapi, nje ya hiyo diski? Kama hakuna, fanya leo, kabla hujagusa skrubu yoyote.

Wako,
Idi