Kwenu wanangu mnaoomba vyuo vya Marekani: punguzeni orodha

Wanangu wapendwa,

Orodha zenu nimeziona, nyingine zina majina zaidi ya 30. Common App, mfumo wa mtandaoni wa kuomba vyuo vingi kwa fomu moja, wenyewe haupokei zaidi ya vyuo 20 kwa mwombaji mmoja, na hata hivyo 20 ni vingi mno. Vyuo vinavyochuja sana huongeza maswali yao ya insha, mbali na insha kuu ya maombi. Ukivikimbilia vyote, utaishia kuandika insha ileile ukibadili jina la chuo tu.

Anzeni kufuta kwa fedha. Najua wengi mmeanza na sifa za jina, lakini kwa asiye raia wala mkaazi wa kudumu, misaada ya serikali kuu ya Marekani kwa kawaida haimhusu. Atategemea mfuko wa chuo chenyewe. Vyuo vichache, kama Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst, hudahili wageni bila kutazama uwezo wao wa kulipa, kisha hukidhi hitaji lote. Kwingi kwingineko, kule kuomba msaada tu kunaweza kupunguza nafasi yako. Tafuteni hati ambayo vyuo vingi hutoa kila mwaka, Common Data Set, msome sehemu ya H6: hapo chuo hueleza ni wanafunzi wangapi wa kigeni waliosaidiwa, na kwa wastani wa dola ngapi. Toeni wastani huo kwenye gharama yote ya mwaka, pamoja na chumba na chakula. Kinachobaki kikiwa juu ya uwezo wa wazazi wenu, futeni. Inauma kufuta, lakini inauma zaidi kukubaliwa halafu ukashindwa kuonyesha fedha za mwaka wa kwanza, ukakosa fomu ya I-20, na bila fomu hiyo viza ya mwanafunzi huiombi.

Kwa sababu hiyohiyo, chuo kitakachokupokea kwa hakika lakini huwezi kukilipia si chuo cha akiba. Kila mmoja wenu awe na viwili vilivyo salama kwa alama na kwa fedha pia.

Kisha tazameni kama fani yenu inafundishwa hapo, maana vyuo vingi vidogo havina uhandisi, na wangapi kati ya wanaoanza humaliza. Takwimu hizo zipo College Scorecard, tovuti ya serikali ya Marekani.

Kwa majina yaliyobaki, kila mtu ajiulize peke yake, bila mjomba wala rafiki kumsikiliza: hiki kikiwa ndicho pekee kilichonikubali, nitakwenda? Ukisita, kiondoe.

Maombi ya mapema yanayomfunga mwombaji kwa chuo, Early Decision, hupelekwa chuo kimoja tu, na ukikubaliwa unaondoa mengine yote. Msiyaguse kabla hamjaelewa msaada wa chuo hicho. Kwa vyuo vingi mwisho wa kuyapokea ni tarehe 1 Novemba, kwa hiyo leteni orodha za majina 8 hadi 10 mapema, tuzipitie pamoja.

Mzee wenu