Usiilime nyika yote

Mpendwa Njoroge,

Pokea salamu nyingi kutoka hapa Nakuru. Sisi sote tu wazima, na tumefurahi kusikia kwamba mama amepata nafuu na ameanza tena kukamua.

Umeniandikia kwamba mmeshagawana shamba la mzee, na kwamba fungu lako unataka kulilima lote: viazi huku juu, mikaratusi kule chini penye maji. Sikulaumu. Bei ya maziwa naijua, na karo pia naijua. Ila nakuomba unisikilize kuhusu ule upande wa chini kabla trekta haijaingia.

Unamkumbuka yule ndege wa kifua cha manjano tuliyekuwa tukimkurupusha tulipofuata kondoo? Huruka chinichini, weupe ukimetameta pembeni mwa mkia, kisha hutua tena nyasini hatua chache mbele. Ukifika pale humwoni, maana mgongo wake una michirizi ya kahawia kama majani makavu. Wataalamu humwita Macronyx sharpei. Duniani kote hapatikani ila kwenye nyanda za juu za Kenya, na hapo kwetu Kinangop ni mojawapo ya ngome zake kuu. Ameshaorodheshwa miongoni mwa ndege walio hatarini kutoweka. Kiota chake hukijenga chini, kwenye fungu la nyasi, na wadudu anaokula huwaokota humohumo. Msituni haendi. Ukilima hana pa kuhamia, kwa sababu jirani naye amelima.

Watu watakuambia ndege bado wapo tele, na ni kweli. Nilipopita Njabini mara ya mwisho niliona kunguru, njiwa, kwarara wakichokora kwenye matuta, na shore kwenye kila ua. Hapo ndipo wengi tunapopotea. Ukihesabu aina tu, shamba la viazi lenye miti pembeni laweza kukuonyesha ndege wengi kuliko nyika tupu. Lakini hao utawakuta Nakuru, utawakuta Thika, utawakuta kokote penye watu na miti. Hao wakiingia na wale wa nyasi wakitoka, hesabu yaweza kubaki ileile huku Kinangop ikifanana na kila mahali pengine. Hata yule ndege mwingine, dume mweusi mwenye mkia mrefu, anayekanyaga nyasi mpaka apate kiwanja cha mviringo halafu anarukaruka humo kuwavutia majike, atachezea wapi ukimwachia matuta?

Sasa mikaratusi. Tangu shule ya msingi tumefundishwa kwamba kupanda miti ni wema mtupu, kwa hiyo najua hili litakushangaza. Kinangop ilikuwa nyika tangu zamani kwa sababu udongo wake hutuamisha maji na miti mingi haiupendi. Mikaratusi itakausha lile bwawa, na kivuli chake kitaua nyasi. Panda michache karibu na nyumba, ya kuni na ya kukinga upepo. Hiyo inatosha.

Ng'ombe si adui hata kidogo. Huyu ndege hupenda nyasi fupi zenye mafungu marefu katikati yake, na malisho ya kiasi ndiyo huziweka hivyo. Ndiyo maana alidumu wakati wa walowezi na kondoo wao, akadumu hata baada ya mashamba kugawiwa wananchi miaka ya 1960, kwa kuwa wazee wetu walitegemea maziwa na sufu. Leo ekari zinakatwakatwa kila mzee anapofariki, na kila kipande kinalimwa hadi mpakani. Nature Kenya, shirika la kuhifadhi mazingira, wamenunua vipande vichache wakavifanya hifadhi. Nyika nyingine karibu yote ni mali ya watu kama wewe.

Kwa hiyo ombi langu ni hili: lima huku juu, ambako viazi havitaozea kwenye maji, na kule chini uache nyasi kwa ng'ombe wa mama. Seng'enge ya kuzungushia nitachangia mimi, nami nimesema kwa dhati. Ukikata majani ya mifugo, usiyafyeke mafungu yote kwa mpigo mmoja.

Nijibu kabla hujamlipa mwenye trekta. Msalimie sana mama, umwambie tutakuja watoto wakifunga shule.

Rafiki yako,
Mwangi